Bustani Njema Huanza kwa Kamba na Vigingi

Katika sehemu nyingi za Kenya shamba la babu limekwisha gawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Mzee aliyekuwa na ekari nane aliwaachia wanawe ekari mbili mbili, nao sasa wanapima nusu ekari kwa kila mtoto. Shamba la kahawa au la mahindi likipungua hivyo kila mtu huona, na maneno huwa mengi. Lakini kipo kipande kingine cha ardhi ambacho hakuna akizungumziaye, nacho ni kile kinachoizunguka nyumba. Aghalabu kipande hicho hufagiliwa asubuhi, kuku hupekua humo mchana, na jioni maji ya kuoshea vyombo humwagwa mlangoni yakafanya tope. Kisha mwezi wa Februari, jua linapokausha kila kitu, mama wa nyumba hiyo hiyo huchukua fedha akaenda sokoni kununua fungu la mboga lililokwisha nyauka.

Hasara hiyo haionekani kuwa kubwa kwa siku moja. Karani wa mshahara hutoa shilingi chache leo na chache kesho, wala haziandiki popote. Mkulima naye huuza debe la mahindi ili anunue majani ambayo yangeweza kuota chini ya dirisha lake. Na hasara iliyo kubwa zaidi si ya fedha. Mboga zikiwa ghali, hupunguzwa katika sahani, na anayepungukiwa kwanza ni mtoto mdogo ambaye hajui kudai.

Si kwamba watu ni wavivu. Bustani nyingi hufa mikononi mwa watu wenye bidii sana, kwa sababu zilianzwa kwa jembe kabla ya kuanzwa kwa fikira.

MAJIRANI WAWILI

Tuseme kuna majirani wawili waliopata viwanja vilivyo sawa, kila kimoja robo ya ekari, kando ya barabara moja. Wa kwanza ni mtu wa nguvu. Mvua ilipoanza tu alishika jembe akalima kule mwisho wa kiwanja, penye udongo laini, akapanda miche 100 ya sukuma wiki kwa siku moja. Mbele ya nyumba akapanda miparachichi mitatu karibu karibu, kwa maana miche ilikuwa midogo na nafasi ilionekana kubwa. Baada ya miezi miwili mboga zikawa tayari zote pamoja. Watu wa nyumbani wakala mpaka wakachoka, zilizobaki wakapewa ng'ombe. Jua lilipokuja, maji yalikuwa mlangoni na mboga zilikuwa hatua 60 kutoka hapo. Wiki ya kwanza watoto walibeba maji. Wiki ya pili walijificha. Wiki ya tatu mboga zilikufa. Na miaka kadha baadaye ile miparachichi ikaziba madirisha, ikawa taa huwashwa saa kumi jioni.

Jirani wa pili hakushika jembe kwanza. Alikata vigingi 20, akanunua kamba ya katani, kisha akamwita mkewe.

"Mama watoto," akasema, "vitanda vya mboga nataka viwe kule chini, penye udongo mzuri."

"Baba watoto, udongo ule ni mzuri, sikatai," mkewe akamjibu. "Lakini ugali ukiwa mekoni, ni nani atakayetelemka kule kuchuma majani ya kunde? Udongo waweza kupakiwa katika toroli ukaletwa hapa. Jiko haliwezi kupakiwa likapelekwa kule."

Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akang'oa vigingi vyake akavipigilia upya hatua kumi kutoka mlango wa jiko. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, nyumba hiyo ilikuwa bado ikichuma.

Tofauti ya majirani hawa si nguvu wala udongo. Wa pili alijua kwamba bustani ya nyumbani hufuata vitu vitatu: miguu ya mpishi, njia ya maji, na mwendo wa jua. Mtu akivitii hivyo vitatu, kazi iliyobaki ni nyepesi.

KWANZA KUTAZAMA

Kabla ya kulima, yafaa mwenye nyumba atazame kiwanja chake kwa muda wa wiki moja. Achukue karatasi ya daftari la shule, apime kiwanja kwa hatua zake, na kuchora nyumba, jiko, choo, kisima au tangi, na miti iliyopo. Kisha achore njia, si zile anazozitaka yeye, bali zile ambazo miguu imekwisha kuzifanya. Njia iliyokanyagwa na watoto wakienda kuchota maji haifungiki kwa kupanda maua juu yake. Maua ndiyo yatakayokufa.

Baada ya hayo na aangalie jua. Kwa kuwa Ikweta yapita katikati ya Kenya, jua la adhuhuri huinamia kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, hata hakuna upande wa nyumba ulio na kivuli mwaka mzima. Lakini jua la alasiri hutoka magharibi siku zote, nalo ndilo linalonyausha mboga katika miezi ya kiangazi. Kwa sababu hiyo, mahali penye joto, vitanda vya mboga za majani hukaa vyema mashariki ya nyumba, ambako hupata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Miti mirefu nayo hupandwa mpakani upande wa magharibi. Katika nchi za baridi, kama Limuru na Nyandarua, mambo hugeuka: huko mwezi wa Julai mboga huomba jua, na kivuli chochote ni hasara.

Tena aangalie mteremko. Mvua kubwa ikinyesha, atoke na mwavuli aone maji yanapita wapi na kubeba nini. Kiwanja kikiwa na mteremko, vitanda vyote vyapaswa kulala kukatiza mteremko, visielekee chini. Kipimo chake si kigumu. Miti miwili ya mita 2 hufungwa pamoja juu na kutanuliwa miguu, mti wa tatu ukawekwa katikati, hata chombo kikafanana na herufi A. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka juu. Ili kuitia alama katikati, chombo husimamishwa mahali, alama ikapigwa pale kamba ilipogusa mti wa kati. Kisha miguu hubadilishwa nafasi na alama ya pili ikapigwa. Nusu ya alama hizo mbili ndiyo katikati ya kweli, na kamba ikikaa hapo, miguu yote miwili i sawa. Mtu akitembea nacho hatua kwa hatua na kupigilia kigingi kila mara, ataupata mstari wa usawa. Wakulima wa Machakos, ambao milima yao ilikuwa imekwisha kuchubuliwa na maji, waliiokoa ardhi yao kwa matuta ya "fanya juu", yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Jambo lililofaa mlima mzima lafaa pia ua wa nyumba.

KILA KITU NA HATUA ZAKE

Baada ya kutazama, mimea hupangwa kwa kadiri mkono unavyoihitaji. Kinachochumwa kila siku hukaa karibu. Kinachochumwa mara moja kwa mwaka chaweza kukaa mbali.

Mlangoni pa jiko, hatua tatu au nne, ni mahali pa dania, majani ya vitunguu, pilipili, mchaichai na mrihani. Mpishi huvichuma akiwa na mwiko mkononi. Hatua kumi mpaka ishirini ni mahali pa vitanda vya mboga. Baada ya hapo huja mipapai, migomba na matunda damu, ambayo hutazamwa mara moja kwa wiki. Mpakani kabisa ni mahali pa miparachichi, miembe, miti ya kuni na majani ya ng'ombe.

Kisima kisichimbwe chini ya choo wala karibu nacho. Hushauriwa kuwe na mita 30 au zaidi kati yao. Mkaratusi nao uwekwe mbali na kisima na bustani, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi. Njia ya kutoka lango mpaka mlango mkubwa iwe na upana wa mita 1.2, kwa sababu siku ya harusi, na siku ya msiba pia, watu hupita hapo wawili wawili.

MAJI YALIYOKWISHA LIPIWA

Watu wengi husema hawana maji, na huku wana paa la mabati. Yafaa wafanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6 ina mita 48 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 huliangushia paa hilo lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita 20. Hata madebe 10 yakipotea kwa kuruka na kuvuja, hubaki 50.

Sasa kitanda cha mboga chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hutaka kadiri ya debe moja kwa siku wakati wa jua. Basi mvua ile moja, ikiwa imekingwa kwa mfereji wa bati na kuwekwa katika tangi lenye kifuniko, yaweza kukinywesha kitanda kimoja siku 50. Mabati yamekwisha lipiwa. Maji hayo ni faida yake.

Maji ya kuoshea vyombo na nguo nayo yasitupwe. Hufaa sana kwa migomba. Huchimbwa shimo la duara lenye upana wa mita 2 na kina cha nusu mita au zaidi, likajazwa majani makavu, maganda na takataka za jikoni, na migomba mitatu au minne ikapandwa ukingoni. Maji hayo humwagwa katikati. Takataka huoza, migomba hula, na tope la mlangoni hutoweka, na mbu nao hukosa pa kuzalia. Lakini maji yenye dawa kali za kung'arishia nguo, na yale ya chooni, yasitiwe humo. Wala maji ya sabuni yasimwagwe juu ya majani yanayoliwa.

Umbo la kitanda nalo hufuata maji. Mahali penye mvua nyingi, kama Kisii na Kericho, vitanda huinuliwa juu ya njia ili mizizi isizame. Mahali pakavu, kama Kitui na Kajiado, vitanda huzamishwa chini ya njia kwa upana wa kiganja, ili kila tone likae. Kuna watu wa nchi kavu walioinua vitanda kwa sababu waliona picha ya bustani ya nchi ya mvua, kisha wakashangaa kuona udongo umekauka kabla ya adhuhuri.

KITANDA NA CHAKULA CHAKE

Upana wa kitanda usizidi mita 1 na robo, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Mguu haukanyagi kitanda hata siku moja, kwa maana udongo uliokanyagwa huwa kama sakafu na mizizi haipenyi. Njia kati ya vitanda iwe kiasi cha nusu mita, toroli ipite.

Mara ya kwanza udongo huchimbwa kwa kina cha jembe mbili. Udongo wa juu huwekwa kando, wa chini hulegezwa na kuchanganywa na samadi iliyoiva, kisha wa juu hurudishwa. Hiyo ni kazi ya jasho, lakini hufanywa mara moja. Miaka inayofuata ni ya kuongeza mbolea tu.

Mbolea ya takataka haihitaji fedha. Tabaka la vijiti huwekwa chini, kisha majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu machache. Na tena hivyo hivyo mpaka lundo lifike kifuani. Hunyunyiziwa maji, likafunikwa kwa majani ya mgomba. Fimbo ndefu huchomekwa katikati. Ikichomolewa baada ya siku chache ina joto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, latakiwa maji. Ligeuzwe kila wiki mbili au tatu, na baada ya miezi mitatu hivi mbolea huwa tayari, nyeusi na yenye harufu ya msitu.

Katika sehemu za magharibi ya Kenya kuna mmea wenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, uotao kando ya njia na katika nyua, ambao wengi huuona kuwa magugu tu. Uchunguzi uliofanywa huko Maseno katika miaka ya 1990 ulithibitisha kwamba majani ya alizeti hiyo ya mwituni yana rutuba nyingi. Yakikatwa mabichi na kufukiwa kitandani siku chache kabla ya kupanda, huoza upesi na kulisha mimea.

Baada ya kupanda, udongo ufunikwe kwa nyasi kavu zisizo na mbegu. Udongo ulio uchi hupoteza maji mchana kutwa. Uliofunikwa hubaki na unyevu, na magugu hupungua.

MBOGA ZIPI?

Kosa lililo kubwa ni kupanda kila kitu siku moja. Mwenye busara hupanda robo ya kitanda, na baada ya wiki mbili robo nyingine, hata mboga zikafuatana kama watu katika foleni, kila moja kwa zamu yake. Mchicha na majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne tangu kusiwa. Mnavu hungoja kidogo zaidi. Sukuma wiki huatikwa kwanza katika kitalu muda wa mwezi mmoja au zaidi, kisha huhamishwa kwa nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche. Kitanda cha mita 5 huchukua miche 20 katika mistari miwili, nayo ikichumwa majani ya chini tu huendelea kuzaa kwa miezi mingi. Miche 20 iliyotunzwa yashinda 100 iliyosahauliwa.

Jamaa moja ya mboga isirudiwe mahali pamoja. Sukuma wiki na kabeji ni ndugu, nazo wadudu wao ni wamoja. Zikitoka, ifuatwe na kunde au maharagwe, ambayo huurudishia udongo nguvu.

Kulikuwa na miaka ambapo mnavu, mgagani, mrenda na majani ya maboga vilionwa kuwa chakula cha watu wasio na kitu, na mgeni hakuandaliwa. Mawazo hayo yamegeuka. Wataalamu wa Makumbusho ya Kenya pamoja na wenzao walizikusanya habari za mboga hizo na kuwahimiza watu wazirudie, na mwaka 2021 shirika la UNESCO likaiandika kazi hiyo ya Kenya katika orodha yake ya mifano mema ya kuhifadhi urithi. Siku hizi mboga hizo huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Na heshima hiyo yastahili, kwa kuwa mboga za majani ya kijani kibichi iliyokoza zina vitamini A, ambayo mtoto akiikosa macho yake hayaoni vizuri magharibi inapoingia, na maradhi humshinda upesi. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini hiyo pia, na wataalamu waliovieneza katika Afrika walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Viazi hivyo hupandwa ukingoni mwa matuta, vikashika udongo na kulisha watoto kwa pamoja. Mboga za namna hii zipikwe na mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini A.

SHAMBA LA GHOROFA

Mwenye kiwanja kidogo hawezi kukitanua, lakini aweza kujenga juu. Mfano wake u karibu. Ng'ambo ya mpaka, ukipita Taveta, Wachaga wa mlima Kilimanjaro wamelima vihamba vyao kwa vizazi vingi, na kila kihamba ni kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ni miti mirefu inayochuja jua. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi na mboga. Ng'ombe hufungwa bandani, hula majani ya migomba na nyasi, na samadi yake hurudi shambani. Maji hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na wazee. Kihamba kimoja huwa aghalabu chini ya hekta moja, na hata hivyo kimelisha jamaa kubwa. Mwaka 2011 vihamba vya Shimbwe Juu vilitambuliwa na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Si kila mahali pana mvua ya Kilimanjaro, lakini kanuni yake hufaa po pote: mimea mirefu isinyang'anye, bali ichuje. Mgrevilia ukipandwa mpakani na kupogolewa kila mwaka hutoa kuni na majani ya kutandaza, wala hauidhuru sana mimea iliyo jirani. Mpapai hauna kivuli kizito, na mahali pa joto huzaa kabla au karibu ya mwaka kutimia. Mgomba hupewa shimo la sentimita 60 kila upande na nafasi ya mita 3. Mparachichi ni mti wa kuogopwa kidogo: mche ni wa shubiri mbili, lakini mti mzima hutaka mita 7 au 8 kutoka kwa nyumba na kwa mwenzake. Miche iliyopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na ya kokwa hungojewa zaidi. Mtu apandapo mti na asiutazame mche. Aufumbie macho auone ulivyo baada ya miaka kumi.

UA NA MAUA

Wako wanaosema maua ni anasa. Lakini nyumba yenye maua hupendwa na wenyewe, na kinachopendwa hutunzwa. Tena maua hufanya kazi. Dania ikiachwa ichanue, maua yake huwaita nyuki na nzi wadogo ambao mabuu yao hula vidukari vinavyokunja majani ya sukuma wiki. Katika miji ya Lamu na Mombasa asumini na mrihani vimepandwa uani tangu zamani, na wanawake huvifunga vikuba. Harufu yake jioni haihitaji kununuliwa. Bara, waridi na bogenvilia hustawi vizuri, na bogenvilia ikishika huvumilia jua kali.

Kwa uzio, kayaba ni hodari: ina miiba, hufungamana kabisa, na matunda yake machachu hufanya jamu. Ikatwe mara kwa mara, ama sivyo itameza njia. Mnyaa nao ni uzio wa nchi kavu, lakini utomvu wake mweupe hudhuru macho vibaya, na mkataji na ageuze uso. Olianda ya manjano inayopendwa kwa maua yake ina sumu katika mbegu na majani. Nyumba yenye watoto haifai kuwa nayo.

WASIO NA KIWANJA

Karani aliyepanga chumba mjini asidhani hayamhusu hayo. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera watu wengi wamelima katika magunia. Gunia husimamishwa, na katikati huwekwa mkebe mkubwa usio na kitako uliojazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi hutiwa kandokando, kisha mkebe huinuliwa na kujazwa tena, mpaka nguzo ya kokoto ifike juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Ubavuni hukatwa matundu madogo, yakiachana kwa shubiri moja, na katika kila tundu hupandwa mche. Gunia moja huchukua miche 30 au zaidi katika nafasi isiyozidi ya kiti. Udongo usichukuliwe jalalani wala karibu na gereji, kwa maana huenda una sumu ya risasi na mafuta ya magari.

DAFTARI LA BUSTANI

Mali bila daftari hupotea bila habari, na bustani ni mali. Daftari dogo lining'inizwe jikoni, penseli ikiwa imefungwa kwa uzi. Iandikwe siku ya kupanda, siku ya kuchuma mara ya kwanza, mvua ilipoanza, na fedha ambazo zingetumiwa sokoni siku ile. Mtoto wa shule apewe kazi hiyo. Atajifunza hesabu yenye ladha. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamwambia mwenye nyumba mambo ya udongo wake mwenyewe, ambayo hakuna kitabu kinachoyajua.

Na asianze kwa makuu. Kitanda kimoja cha mita 5, duara moja la migomba, mfereji mmoja wa bati na lundo moja la mbolea vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Vikitunzwa, cha pili kitajidai chenyewe. Wakati mwema wa kupima ni kabla ya mvua za masika au za vuli, ardhi ikiwa kavu na mistari ikionekana. Kamba na ivutwe, vigingi vipigiliwe, kisha mwenye nyumba asimame kando amwite yule apikaye, amwulize kama hatua ni chache za kutosha. Akisema ni nyingi, vigingi na ving'olewe. Kung'oa kigingi ni kazi ya dakika moja. Kuhamisha mparachichi uliokwisha kuota mizizi hakuwezekani tena.